Rimu za 20 na matairi ya 35 kwenye F-350 inayovuta trela: E ni E kweli?

Majani_Tisa (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nina F-350, pikapu ya Ford ya Super Duty, ya tairi moja moja nyuma (siyo ile ya pacha), dizeli, milango minne. Ilitoka kiwandani na rimu za inchi 18 na matairi LT275/70R18 (LT ni matairi ya pikapu na malori madogo), herufi E. Kashata zimeisha, mawili ya nyuma ni vipara kabisa, kwa hiyo kununua ni lazima. Sasa katikati ya kutafuta, shetani akanipitia. Nimeona rimu za 20 za mtumba, nyeusi, pana inchi 10, na muuzaji anazitoa pamoja na matairi 35x12.50R20 (kimo inchi 35) herufi E. Rimu zimetumika ila matairi ni mapya, vile vinywele vya mpira bado vimesimama.

Tatizo ni kwamba gari hili si la kutembelea harusini. Mara tatu nne kwa mwezi navuta trela, ile inayofungwa kwenye mpira ulio katikati ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma. Ikijaa inafika tani saba hivi. Nikamuuliza muuzaji kama matairi yatahimili, akanijibu: "E ni E, bosi. Na hili ni kubwa zaidi, kwa hiyo linabeba zaidi." Inaingia akilini, lakini kuna kitu kinaniwasha.

Kibandiko cha mlangoni kinasema hivi: uzito wote wa gari kilo 5,100, ekseli ya mbele 2,400, ekseli ya nyuma 3,150. Upepo mbele PSI 60, nyuma 80.

Nichukue au niache?

Kipara_Mkongwe

Weka picha kwanza tuzione, halafu ndiyo tukwambie uache.

Nati_Nane

Chukua mkuu, usiogope. Mimi mwaka wa tatu huu niko kwenye 35, rimu za 20, gari la daraja hilohilo. Sijawahi kupata hata pancha. Watu wa humu wanapenda kutisha.

MzeeWaMizani

Majani_Tisa, huyo muuzaji kakupa nusu ya habari, na nusu aliyoibakiza ndiyo itakayokulaza porini.

Herufi E haisemi tairi linabeba kilo ngapi. Inasema ubavu wake umejengwa kuhimili upepo wa kiasi gani. Kilo zimeandikwa kwenye namba inayofuata ukubwa. Chutama kwenye tairi lako la zamani, futa tope ubavuni, utasoma LT275/70R18, halafu 125/122, halafu herufi ya mwendo. Hiyo 125 maana yake kilo 1,650 kwa tairi linalokaa peke yake. 122 ni kilo 1,500, ya tairi hilohilo likikaa pacha. Chini yake, kwa maandishi madogo, watakwambia uzito huo unapatikana kwa PSI 80.

Sasa rudi kwa muuzaji, chutama tena. Kwenye 35x12.50R20 ya E utakuta 121. Hiyo ni kilo 1,450. Na soma upepo wake: PSI 65, siyo 80. Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Tumezoea kwamba E ni 80, na mara nyingi ni kweli, lakini ukubwa huu unafika kilele chake kwenye 65.

Piga hesabu ya ekseli ya nyuma. Ya zamani: 1,650 mara mbili, 3,300. Haya mapya: 1,450 mara mbili, 2,900. Kibandiko chako ni 3,150. Kwa hiyo tairi lililo refu zaidi, pana zaidi na zito zaidi limekupokonya kilo 400, na limekushusha kilo 250 chini ya kile ekseli yako iliandikiwa. Na hapo bado hujafunga trela.

Ukiipenda sana 35 kwa rimu ya 20, ipo inayotoka na herufi F: namba 125, kilo 1,650, kwa PSI 80. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tofauti iko ubavuni, kwenye herufi moja na namba tatu, na hizo muuzaji hakutaka uzisome.

Na kuhusu Nati_Nane: kaka, gari lako linavuta nini?

Nati_Nane

Halivuti kitu mzee. Ila bodi naijaza.

MzeeWaMizani

Unajaza nini?

Nati_Nane

Baiskeli za watoto na mahema 😅

Ufito

Naomba kuuliza, msinicheke. Mimi nilikozoea matairi yanaandikwa 8PR, 10PR. Hizi herufi ni kitu kingine?

MzeeWaMizani

Hakuna wa kukucheka. Ni ngazi moja kwa majina mawili. C ni 6PR, D ni 8PR, E ni 10PR, F ni 12PR, G ni 14PR. Zamani namba ile ilikuwa kweli hesabu ya tabaka za pamba ndani ya tairi. Leo tairi la 10PR linaweza kuwa na tabaka mbili tu za poliesta ubavuni, zenye nguvu kama zile kumi za zamani. Kwa hiyo usimpasulie mtu tairi kutafuta tabaka kumi, hutazikuta.

Kwa matairi ya kawaida ya LT, C hupandishwa mpaka 50, D mpaka 65, E mpaka 80. Lakini kama nilivyosema, ubavu wa tairi ndio wenye kauli ya mwisho.

MamaTrela

Nimechelewa kidogo, nilikuwa barabarani. Mzee kamaliza habari ya tairi. Mimi nina maswali mawili ambayo hakuna aliyeuliza.

La kwanza: rimu zenyewe zimeandikwa kilo ngapi? Kila mtu anasoma tairi, hakuna anayegeuza rimu. Rimu nayo ina uzito wake wa mwisho. Huwa umepigwa muhuri nyuma ya mkono wa rimu au karibu na matundu ya nati, kwa maneno MAX LOAD na namba, mara nyingi kwa pauni. Gawanya kwa 2.2 upate kilo. Rimu zinazouzwa kwa ajili ya urembo zinatofautiana sana. Zipo zenye 3,640, ambazo zinalingana vizuri na tairi la 125, na zipo ambazo zilichorwa kwa ajili ya pikapu ndogo kisha zikatobolewa matundu manane. Ukifunga tairi la kilo 1,650 kwenye rimu ya kilo 1,200, una gurudumu la kilo 1,200.

La pili: vali. Ile vali ya mpira ya kusukumiza, ambayo fundi anaitoa kwenye kopo lenye mia nzima, mwisho wake ni PSI 65. Kwenye gari dogo haijawahi kumsumbua mtu. Wewe unataka 80. Unatakiwa vali ya chuma inayofungwa kwa nati, au ile ya mpira ya presha kubwa yenye mfupa wa shaba. Nimewahi kuona tairi jipya la E likiisha upepo usiku kucha kwa sababu ya kitu kidogo kama kidole. Na huyo alibahatika, maana liliishia kwenye maegesho.

Na jambo moja la ziada. Usipige hesabu kwa kibandiko peke yake. Nenda mizani na trela ikiwa imefungwa na imejaa kama unavyoivuta kila siku. Upime ekseli ya mbele, ya nyuma, halafu uombe upande wa kushoto peke yake na wa kulia peke yake.

Kipara_Mkongwe

Kushoto na kulia tena? Gari si linalala sawa?

MamaTrela

Linaonekana kulala sawa, kaka. Ngoja mleta uzi akapime.

Dif_Nyuma

Naomba kutofautiana kidogo na Mzee. Watu wanasikia 80 basi wanajaza 80 magurudumu yote manne, mwaka mzima, hata gari likiwa tupu. Matokeo yake kashata za katikati zinaliwa kabla ya za pembeni, gari linarukaruka kwenye matuta, na kwenye mvua nyuma inacheza. Mimi natumia 80 nyuma nikiwa na mzigo tu. Nikiwa mtupu nashusha.

MzeeWaMizani

Hujatofautiana nami, Dif_Nyuma. Sikusema 80 kila siku. Nilisema kilo zilizoandikwa ubavuni zinapatikana kwa upepo ulioandikwa ubavuni, basi.

Tena umenipa nafasi ya kusema jambo ambalo watu wanalipita. Tairi halibebi mzigo. Upepo ndio unaobeba, tairi ni mfuko wake tu. Chukua LT265/70R17. Inatengenezwa kwa C na kwa E. Ya C imeandikwa 112, kilo 1,120 kwa PSI 50. Ya E imeandikwa 121, kilo 1,450 kwa PSI 80. Sasa jaza ile ya E upepo wa 50. Unadhani inabeba 1,450 kwa sababu ina herufi kubwa? Hapana, imerudi kuwa ndugu yake C. Umelipia mfuko mgumu ukaujaza nusu.

Kushusha ukiwa mtupu ni sawa, ila kwa kufuata jedwali la mtengenezaji wa tairi, linaloonyesha kila PSI inabeba kilo ngapi kwa ukubwa huo. Si kwa kubonyeza kwa kidole. Na usishuke chini ya kibandiko kama huna jedwali mkononi.

Tena pima asubuhi kabla gari halijatembea. Kwenye upepo wa 80, joto la hewa likipanda nyuzi 10 za Selsiasi peke yake linaongeza kama PSI 3, kabla hujaweka msuguano wa lami. Kuna dereva anasimama njiani mchana, anapima, anakuta 90, anaogopa, anatoa upepo. Jioni likipoa ana 70 chini ya mzigo wa 80. Tairi lenye upepo pungufu linakunjika zaidi kila mzunguko, linachemka, na mkanda wa juu unaachana na mwili wake. Wengi wanaosema "lilipasuka lenyewe" walilitayarisha siku nyingi kabla.

Ufito

Si kuna taa ya upepo kwenye dashibodi?

MamaTrela

Usiitegemee sana. Sheria ya Marekani inayolazimisha taa hiyo inagusa magari yasiyozidi kilo 4,536, na gari la mleta uzi limepita hapo. Halafu hata ilipo, sheria inaitaka iwake upepo ukishapungua robo nzima chini ya kibandiko. Robo ya 80 ni 20. Yaani unaweza kuwa na 62 chini ya trela ya tani saba na dashibodi iko kimya kabisa.

Nunua geji nzuri. Inakaa kwenye mfuko wa mlango.

Nyayo17

Mimi nina la kusema kuhusu matundu ya nati, maana hizi ni rimu za mtumba.

Pikapu za matundu manane zinafanana kwa macho, hazifanani kwa kipimo. Kwa zile za tairi moja moja nyuma, Ford za Super Duty kuanzia 1999 ni 8x170, yaani matundu manane kwenye duara la milimita 170. Ram 2500 na 3500 ni 8x165.1. Chevrolet na GMC za HD kuanzia 2011 ni 8x180, kabla ya hapo zilikuwa 8x165.1. Kati ya 165.1 na 170 tofauti haifiki milimita 5. Na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu rimu inaingia kwa kulazimisha.

Nilishuhudia kwa macho yangu. Jamaa alileta rimu "za matundu manane", fundi akaziweka, boliti zikapita kwa shida, akachukua ile bunduki ya upepo akazivuta mpaka zikakaa. Kila nati ilikuwa imeegemea upande mmoja wa tundu. Mtu akizungusha gurudumu juu ya jeki ulikuwa unaona linapepesuka kidogo, kama sahani iliyopinda. Tukamwambia ashushe, akasema litajiweka sawa likitembea. Wiki mbili baadaye boliti tatu zilikuwa zimekatika kwenye shina na nyingine mbili zimeanza ufa. Aliligundua kwa mlio tu, kama mtu anagonga bomba chini ya gari.

Na angalia aina ya nati. Rimu za kiwandani za gari lako zinatumia nati zenye washa bapa. Rimu nyingi za dukani zinataka nati za koni. Ukichanganya, nati inakaa kwenye ukingo badala ya kukaa kwenye kiti chake, na itajifungua yenyewe hata uikaze vipi.

Dif_Nyuma

Na upana wa inchi 10! Muulize ofseti, yaani sehemu ya nati iko milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu (ndiyo ile ET). Nyingi za hivyo ni hasi, ET -18 au hata chini ya hapo. Rimu za kiwandani za Super Duty ni chanya kubwa. Maana yake gurudumu linasogea nje kwa sentimita kadhaa, nje ya mahali baringi zilipopangiwa kubeba. Ni kama kubeba ndoo mkono ukiwa umenyooshwa badala ya kuibeba karibu na mwili. Gari tupu halitalalamika. Gari linalovuta tani saba litakula baringi za mbele, usukani utavutwa na kila shimo, na tope lote litapigwa milangoni.

Kipara_Mkongwe

Tope milangoni ndiyo sifa yenyewe mkuu 😂

Chuma_19

Naona mnazunguka tu. Kama mtu anavuta kweli, aende rimu za 19.5 kama F-450. Matairi ya 225/70R19.5 herufi G ni 128/126, kilo 1,800 kila moja, kwa PSI 110. Ubavu mgumu kama ubao, trela haikuyumbishi. Mimi nilihamia huko na sirudi.

MamaTrela

Ni kweli yanabeba, na kwa mtu anayevuta kila siku ningekubaliana nawe. Kwa mtu anayevuta mara nne kwa mwezi, siku nyingine zote ishirini na kitu atakuwa anaendesha kitanda cha mawe. Anahitaji pia kompresa inayofika 110, maana pampu nyingi ndogo zinakata roho kwenye 100, na fundi mwenye vifaa vya matairi ya lori. Halafu aangalie herufi ya mwendo. Mengi ya hayo yana L, kilomita 120 kwa saa, wakati LT nyingi zina R au S, yaani 170 au 180.

Na hili nawaambia wote: 19.5 haipandishi ekseli. Hata ukifunga tairi la kilo 3,000 kila upande, kibandiko kitabaki 3,150. Springi, breki, baringi na gamba la difu havijui kwamba umebadilisha matairi.

Chuma_19

Hilo la kibandiko sina ubishi nalo. Kitanda cha mawe pia sikatai, mke wangu ana jina jingine kabisa kwa hilo gari.

Ufito

Na wale wanaoweka matairi ya kawaida yasiyo na LT kwenye pikapu? Nimeona moja lina namba 116, si mbaya.

MzeeWaMizani

116 ni kilo 1,250, kwenye gari dogo. Likifungwa kwenye pikapu unatakiwa uligawanye kwa 1.1, linabaki kama kilo 1,136. Kanuni hiyo ipo kwa sababu pikapu inabeba kwa namna nyingine: inajazwa kupita kiasi, inayumba, inapanda mawe. Kwa daraja la 2500 na 3500 usipoteze muda nalo.

Majani_Tisa

Wakuu, nimerudi. Nimepita kote mlikonituma.

Nianze na mizani. Gari tupu, mimi ndani na tangi limejaa: mbele 1,980, nyuma 1,340. Nikaona raha, nikasema hawa watu wananitisha bure.

Halafu nikafunga trela ikiwa imejaa. Mbele 2,010, nyuma 2,890. Jumla 4,900, niko chini ya 5,100. Ekseli ya nyuma niko chini ya 3,150. Na nikawa najisemea kimoyomoyo, 2,890 si ni chini ya zile 2,900 za tairi la 35? Kilo 10 nzima za akiba! Nilikuwa karibu kumpigia muuzaji palepale.

Nikakumbuka MamaTrela. Nikamwomba kijana wa mizani tupime upande mmoja mmoja. Akaniangalia kama nimempotezea muda, maana nyuma yangu kulikuwa na foleni, lakini akakubali. Nikasogeza gari mpaka magurudumu ya kulia yakawa nje ya bamba. Gurudumu la nyuma kushoto: kilo 1,490. Kulia: 1,400.

Nikabaki nimeduwaa kwenye kiti. Sanduku la spana, tangi la ziada la mafuta, na ile winchi niliyoihifadhi tu bila kuitumia, vyote viko kushoto. Kwa hiyo kwa jumla ningepita kwa kilo 10, na kwa gurudumu la kushoto ningekuwa nimezidi kwa kilo 40 kila safari. Tena hiyo ni gari likiwa limesimama kwenye bamba lililonyooka. Kwenye kona sijui ingekuwa ngapi.

Sasa habari ya rimu. Nilikwenda kwa muuzaji, nikaomba kugeuza moja. Akasema hakuna haja. Nikageuza. Nyuma ya mkono mmoja kuna muhuri, umejaa masizi ya breki, nikaukwangua kwa ufunguo: MAX LOAD 2800 LB. Nimegawanya mara tatu kwenye simu nikidhani nimekosea. Kilo 1,270. Mara mbili ni 2,540. Kwa hiyo hata ningempata mtu wa kuniuzia tairi la F, rimu ingeanguka kwanza.

Nyayo17, matundu ni 8x170, hapo hakudanganya. Ofseti ni ET -24. Dif_Nyuma ulipatia.

Dif_Nyuma

Minus 24! Hiyo inakaa kando ya gari, siyo chini yake.

MamaTrela

1,490 kwa 1,400 ni ya kawaida sana. Nimeona tofauti ya kilo 200. Hamishia tangi au sanduku upande wa kulia kabla hujanunua kitu chochote. Hilo ni la bure.

MzeeWaMizani

Pole, na hongera. Sasa kilichobaki ni rahisi. Kwa gurudumu la 1,490, tairi la 125 kwa PSI 80 linakupa akiba ya kilo 160. Inatosha. Rimu zako za 18 za kiwandani zimeshapimwa kwa ekseli hiyo. Baki nazo.

Kama moyo bado uko kwenye 20, tafuta rimu za 20 za kiwandani za gari hilohilo, ambazo zinatoka na LT275/65R20. Ya E ni 126, kilo 1,700. Ila ubavu unapungua kutoka milimita 192 hadi 179 hivi. Kwenye lami hutaiona tofauti. Kwenye mawe, ukingo wa rimu utaiona kabla yako.

Nyayo17

Ungefunga 35 ungepoteza na gia. Tairi la 275/70R18 lina kimo cha milimita 842, la 35 ni kama 889. Hiyo ni asilimia 5 na nusu. Kama uwiano wa gia za difu yako ni 3.73, ungekuwa unavuta kama mwenye 3.53. Na spidomita ikisema 100, wewe uko 105 na kitu, mpaka uirekebishe kwa kompyuta.

Nati_Nane

Sawa wazee, nimekubali. Nimetoka nje saa hizi na tochi kusoma yangu. 121, PSI 65. Nilikuwa najaza 80 miaka mitatu.

MzeeWaMizani

Kaka, shusha leo. 65 baridi ndiyo mwisho wake.

Nati_Nane

Nimeshashusha. Mahema hayajalalamika.

Majani_Tisa

Nimemaliza wakuu. Nimechukua LT275/70R18, E, 125/122, matano, kwa sababu spea yangu ilikuwa na kimo kingine na sitaki difu ihangaike nikipata pancha. Nimesoma tarehe ubavuni kabla ya kulipa: namba nne za mwisho baada ya DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka. Matatu yalikuwa ya mwaka huu, mawili yalikuwa na umri wa miaka minne, nikayakataa, akaleta mengine bila ubishi. Vali zote ni za chuma. Fundi alitaka kumaliza kwa bunduki, nikamwomba spana ya kipimo, tukakaza pauni-futi 165 kama mwongozo unavyosema, kwa mtindo wa nyota.

Tangi la mafuta nimelihamishia kulia. Nimerudi mizani na trela ileile: kushoto 1,450, kulia 1,440. Kijana wa mizani sasa ananijua kwa jina.

Nyayo17

Ukitembea kilomita 150 hivi, kaza tena nati.

Majani_Tisa

Nimekaza jana. Mbili zilisogea kama robo ya mzunguko, zote gurudumu moja la mbele.

Kipara_Mkongwe

Kwa hiyo picha za rimu nyeusi hatuzipati?

Majani_Tisa

Nimepiga picha ya muhuri wa 2800. Hiyo nakutumia.